Maswali ya Wasomaji: Mlima wetu kwenye kadi ya chokoleti

Barua kadhaa za mwezi huu zinahusu kadi ndogo za rangi zilizokuwa zikitolewa bure Ulaya na watengenezaji wa chokoleti, supu, sigara na sabuni, na jinsi zilivyowachora watu wa huku. Tumechagua tano.

Shikamooni. Kwenye tranka la marehemu babu, aliyekuwa mpishi wa misheni, tumekuta kadi nne ngumu zenye ukubwa wa karibu sm 7 kwa 11. Moja ina Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mzungu mwenye kofia ngumu nyeupe ananyoosha kidole, nyuma yake wapagazi sita wamejitwika mizigo, na chini ya mlima kuna minazi. Nyuma kuna Kijerumani na tangazo la chokoleti. Je, hii ni picha halisi ya kwetu enzi hizo, na ni ya mwaka gani? (Msomaji, Marangu)

Marahaba. Hiyo ni kadi ya matangazo. Ilitiwa ndani ya pakiti, au muuza duka alimpa mteja mkononi, na mtoto wa mteja akaikusanya. Duka la Au Bon Marché la Paris lilikuwa miongoni mwa walioanza mapema. Kampuni ya Liebig, iliyokamulia nyama hadi ikawa rojo nzito kule Fray Bentos, Uruguay, iliingia miaka ya 1870 na ikaendelea kwa karibu miaka 100. Stollwerck wa Köln nao walitoa kadi pamoja na chokoleti zao, na albamu za kuzipanga. Kadi za Liebig kwa kawaida zilikuwa sita kwa seti. Mtoto mwenye tano hamwachi mama yake apumue hadi linunuliwe kopo litakalomletea ya sita, na hesabu ya mwenye kiwanda ilikuwa hapo.

Picha halisi ya kwetu? Hapana, na minazi yako imeshajibu: nani amewahi kuangua dafu Marangu? Wachoraji wa kadi hizi wengi hawakukanyaga Afrika. Walikaa karakana za Ulaya wakinakili michoro ya vitabu vya safari na magazeti: mlima kutoka kitabu hiki, mnazi kutoka kile, ngao kutoka kwa kabila la mbali kabisa. Kwa hiyo usiisome kama ushahidi wa Marangu ilivyokuwa. Inaeleza jikoni ya Mjerumani, na nini kilimfanya mama wa huko ajisikie vizuri anapofungua pakiti ya kakao iliyotoka mbali.

Sasa tazama nani kasimama wapi. Mzungu yuko mbele, ana uso wake na kazi ya kuonyesha njia. Wapagazi sita, tunakisia, wana uso mmoja uliorudiwa. Ukipata lenzi utaona na sababu ya kifundi. Kadi hizi zilichapwa kwa mawe ya chokaa, yaani picha ilichorwa juu ya jiwe, likapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi; mawe mengi yalitoka Solnhofen, Bavaria. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na kadi nzuri ilipita kwenye mashine mara 8, 10, hata 12. Jiwe la ziada ni gharama ya ziada. Ndiyo maana mara nyingi kahawia ya mgongo wa mpagazi ni ileile ya gogo la mti na ya mzigo, na wekundu wa midomo ni uleule wa bendera. Uso wa mzungu ndio uliotengewa waridi yake, na vitone vidogo vya kivuli vilivyotiwa kimoja kimoja kwa mkono. Mpaka mgao wa mawe ulikuwa na ubaguzi wake.

Jingine ni majina. Wapanda mlima wa Ulaya, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walifika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889, na Meyer mwenyewe alimtaja kwa jina Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyekaa nao kwenye kambi ya juu. Marangu nanyi mnamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza. Kwa hiyo wapagazi na waongozaji walikuwa na majina, na yalijulikana. Kwenye kadi wamekuwa miguu ya kubebea mizigo.

Kuhusu mwaka, geuza kadi nyuma. Ukiona medali za maonyesho zenye miaka, chukua mwaka wa mwisho: kadi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ukiona "Deutsch-Ostafrika", yaani koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, ni baada ya 1885. Ukiona "Kaiser-Wilhelm-Spitze", jina ambalo Meyer alikipa kilele, ni baada ya 1889. Kimo cha mita 6,010 badala ya 5,895 ni dalili nyingine ya Kijerumani, maana ndivyo walivyouhesabu mlima waliouita mrefu kuliko yote katika dola yao. Lakini usikimbilie kusema ni ya kabla ya 1918 kwa sababu ya jina la koloni tu. Wajerumani waliendelea kuchapa picha za makoloni baada ya kunyang'anywa. Mwaka 1936 Cigaretten-Bilderdienst ya Dresden ilitoa albamu nzima, "Deutsche Kolonien" (Makoloni ya Kijerumani), ya kujazwa kwa picha za kwenye sigara. Watoto walibandika Tanganyika ambayo haikuwa yao tena.

Ukitumia simu kutafsiri maandishi ya nyuma, jihadhari na herufi za kizamani za Kijerumani. Zina "s" ndefu inayofanana na "f", na programu hukuandikia "Oftafrika". Piga picha mchana kivulini bila mwanga wa flashi, kisha sahihisha "f" zote zenye shaka kabla ya kutafsiri.

Nauza vinyago na batiki Arusha. Kuna mtu kaniletea kadi 20 za Kiafrika za kizamani, anasema orijino, bei yake imenishtua. Nitajuaje? (Mfanyabiashara, Arusha mjini)

Wewe uko mji wa tanzanaiti, kwa hiyo kifaa kiko jirani. Azima lenzi ya mara 10 kwa dalali wa mawe na uitazame kadi penye mwanga wa jua, hasa mashavu na anga. Kadi ya kweli ya jiwe ina vitone vilivyotiwa kwa mkono: vikubwa kwa vidogo, vimesongamana huku na kuachana kule, havina mstari. Pembezoni mwa rangi utaona moja imempanda mwenzake, au imesogea kidogo na kuacha ufa mweupe kando ya mdomo, kwa sababu karatasi haikukaa sawasawa jiwe lilipobadilishwa. Nakala ya kiwandani ya siku hizi ina vitone vilivyojipanga safu, vya samawati, waridi, manjano na nyeusi, vikifanya viua vidogo vidogo. Nakala ya printa ya dukani ina matone yaliyorushwa kama vumbi, na maandishi yake yana kingo zenye manyoya. Maandishi ya zamani ni wino mzito usio na kitone.

Kisha ingia stoo yenye giza na tochi ya zambarau ya kukagulia noti. Karatasi nyingi kuanzia miaka ya 1950 zina dawa ya kung'arisha, na chini ya tochi hiyo hutoa mwanga wa bluu mweupe kama shati la shule lililotoka kufuliwa. Karatasi ya 1895 hufifia, manjano ya kuzeeka. Jaribio hili linasema "hapana" vizuri kuliko linavyosema "ndiyo". Iking'aa, si ya karne ya 19. Isipong'aa, bado inaweza kuwa karatasi mpya isiyo na dawa, ndiyo maana lenzi inatangulia.

Rangi ya chai ni ujanja wa kawaida. Uzee wa kweli huanzia kingoni na kuingia ndani polepole, na pande mbili za kadi haziwi sawa. Chai huenea kotekote na kukolea kwenye mikunjo. Nusa pia.

Kwenye bei, kadi moja moja za kawaida, hata za kweli, huko Ulaya zinauzwa kwa pesa ya sahani moja au mbili za chipsi mayai. Seti kamili zenye hali nzuri ndizo zinazopanda. Kadi 20 za seti tofauti, zenye pembe zilizolika, si hazina. Nunua mbili uzikague na umwambie akuwekee nyingine.

Nafundisha historia Kidato cha Pili. Mwaka jana nilionyesha darasani tangazo la zamani la sabuni kwa projekta. Darasa zima likacheka, na mwanafunzi mmoja mweusi sana akapachikwa jina la kwenye picha. Bado wanamwita hivyo. Nilikosea wapi? (Mwalimu, Ngaramtoni)

Mwalimu, picha ile ilitengenezwa ichekeshe, na darasa lako lilifanya kile ambacho mchoraji aliomba. Kosa ni mpangilio. Uliianza kubwa, ukutani, macho 50 kwa mpigo, na ukaanza na kali kuliko zote. Na kabla ya somo jipya, malizana na lile jina la utani: mkanye kila anayelitumia mmoja mmoja, pembeni. Ukihutubia darasa zima utalitangaza upya.

Kwa somo lenyewe chukua vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 80. Chapa kadi kwa rangi kwenye A4, moja kwa kila kundi la watu watano. Chagua za safari, mashamba na masoko, si za sabuni. Funika maelezo ya chini kwa kipande cha karatasi. Dakika 15 za kwanza ni kuhesabu tu, marufuku maoni: watu wangapi, wenye viatu wangapi, walioketi wangapi, walioinama wangapi, nani anamtazama msomaji, nani ameshika chombo cha kazi, nani ameshika bidhaa inayouzwa. Andika namba ubaoni kama jedwali. Kuhesabu kunaua kicheko, na makundi yakilinganisha namba wanaona wenyewe kwamba wenye viatu na walioketi karibu kila kadi ni walewale.

Dakika 15 zinazofuata, fungua maelezo na usome upande wa nyuma. Liebig waliweka huko maelezo ya bidhaa na matumizi yake jikoni, na walisisitiza kopo la kweli lina sahihi ya Liebig kwa wino wa bluu. Yaani upande mmoja mnyonge asiye na jina, upande wa pili sahihi ya mwenye mali. Waulize nani alinunua, nani alikusanya, kwa nini picha haikuwa ya ng'ombe wa Uruguay ambaye ndiye aliyekuwa ndani ya kopo.

Kisha weka kadi kando ya tarehe za huku. Juni 1892 watu wa Mangi Meli, mtawala wa Kichaga wa Moshi, waliwashinda askari wa Kijerumani Moshi, na kamanda wao, von Bülow, akafa. Mwaka 1893 gavana wa Kijerumani, von Schele, alikuja na jeshi kubwa zaidi akamshinda Meli. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na wenzake. Waulize: kati ya mambo haya, lipi lingeuza chokoleti? Dakika 25 hazitatosha, na si vibaya.

Sabuni iwe mwisho, ikibaki nafasi, na ielezwe kwa mdomo kabla ya kuonyeshwa kwa ukubwa wa kitabu. Tangazo maarufu la Pears la miaka ya 1880 lina picha mbili: mtoto mweupe mwenye aproni anamwogesha mtoto mweusi kwenye beseni, kisha mwili umekuwa mweupe na uso umebaki mweusi. Ukimaliza kueleza, usiseme kitu. Atatokea mwanafunzi ataje mkorogo. Hapo ndipo somo linapowashika, maana bibi arusi aliyeungua mashavu wamemwona mtaani kwao, na hawahitaji kuambiwa kwamba uso mweupe unaouzwa kwenye chupa una historia.

Yanayoharibu: kuwaigizisha wanafunzi, kuwaambia wachore kadi kama hiyo, na kumuuliza mtoto mmoja "wewe unajisikiaje?" Kazi ya nyumbani iwe kuhesabu kwa jedwali lilelile kwenye brosha moja ya utalii au bango moja la barabara ya Arusha–Moshi. Wapagazi wa leo, wanafunzi watawatafuta wenyewe.

Nina mgahawa wa kahawa Moshi. Mteja kanipa skani za kadi na makopo ya zamani ya kahawa yenye picha za Afrika. Nataka kuzikuza ziwe kubwa ukutani, wageni wanapenda mambo ya kizamani. Mnasemaje? (Mwenye mgahawa, Moshi mjini)

Kwanza hesabu. Kadi ya sm 7 kwa 11 iliyoskaniwa kwa 600 dpi, yaani nukta 600 kwa inchi, inakupa nukta kama 1,650 kwa 2,600. Hiyo inachapika vizuri hadi sm 14 kwa 22. Ukitaka A2 unahitaji skani ya 1,200 dpi, na hata hapo utabaki na nukta 200 hivi kwa inchi, huku vile vitone vya jiwe vikionekana kama ukurutu usoni. Picha hizi zilichorwa zitoshee kiganja cha mtoto. Ukizikuza kwa nguvu zinakuwa mbaya kifundi kabla hata hujafika kwenye maana yake.

Kwenye maana, sisi tungeacha zile zenye midomo minene, macho ya kutoka na mtumishi anayechekea trei. Hata wenye chapa zao wamezikimbia: Sarotti wa Ujerumani walikuwa na kijana mweusi mtumishi tangu 1918, na mwaka 2004 wakamgeuza kuwa mwanamazingaombwe anayerusha nyota. Sasa wewe wa Moshi umchukue waliyemwacha?

Za mashamba na bandari zinaweza kukaa, kwa A4, pamoja na upande wa nyuma na maelezo mafupi ya nani aliuza nini. Na usiziache peke yake ukutani. Kinachokosekana kwenye picha hizo ni mkulima mwenye shamba lake. Wachaga walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA, mwaka 1925, wakati walowezi wengi walitaka wasilime kabisa, na chama cha ushirika cha KNCU kikafuata 1933. Picha ya mzani wa chama cha msingi au gunia lenye mhuri, kando ya kopo la Ulaya, itamfanya mgeni asimame na kikombe mkononi. Atauliza, na mhudumu wako awe na jibu.

Nimerithi albamu ya kadi hizi, zimegandishwa kwa gundi, nyingine zina ukungu. Mtu wa stesheneri ameniambia nizibandue kwa maji ya uvuguvugu kisha azitie laminesheni zisiharibike. Nifanye hivyo? (Msomaji, Rau)

Usifanye hata moja. Baadhi ya kadi za jiwe zina ngozi nyembamba ya jelatini au vanishi juu yake. Ikilowa inakuwa ulimbo, picha inashikana na chochote kitakachoigusa, na rangi zinabaki mabaka. Laminesheni ni plastiki iliyoyeyushwa kwa moto ndani ya nyuzi za karatasi, haitoki tena bila kung'oa picha, na mwenye kuthamini kadi huishusha thamani hapo hapo. Vivyo hivyo selotepu na pasi.

Gundi ya unga ya zamani iache ilivyo. Piga picha kila ukurasa, pande zote, kisha weka karatasi nyeupe laini kati ya kurasa ili nyuso zisisuguane. Kama ni albamu ya plastiki inayonata ya miaka ya karibuni, hiyo ndiyo inayostahili kutolewa: pitisha uzi wa kusafishia meno, usio na nta wala ladha, chini ya kadi kama msumeno wa taratibu. Uzi ukigoma kupita, acha.

Ukungu ushughulikie nje ya nyumba siku ya jua kali, lakini kadi ikae kivulini. Vaa barakoa. Subiri ukungu ukauke uwe unga, ndipo uupanguse kwa brashi laini ya rangi kuelekea nje, usitumie kitambaa chenye maji. Mifuko ya kuhifadhia iwe ya poliesta au ya polipropilini, ile yenye namba 5. Ile laini inayonuka plastiki mpya ni PVC, hutoa asidi na kunata. Tranka la bati ni zuri, ila liinue juu ya matofali, mbali na ukuta wa nje, hasa masika, Machi hadi Mei. Tia pakiti ya vidonge vya kufyonza unyevu, gramu 50 kwa sanduku dogo, na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 60 kwa siku kadhaa ukungu unaweza kurudi. Vidonge vikibadilika rangi vikaushe ovenini kama saa mbili.

Ukiona matundu madogo au vijidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia mwanga, funga albamu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa kadiri unavyoweza, na uiweke kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, iache ndani ya mifuko yake saa 24 bila kuifungua, la sivyo unyevu wa jikoni utajikusanya juu ya kadi baridi na utakuwa umeilowesha kwa mlango wa nyuma.